Radi ya Mbali kwenye Redio ya Baba

Baba alikuwa mbishi ajabu, na redio ilimzidishia kiburi. Mwaka ule mvua ilipokosekana kwetu karibu na Mbumbuni, alianika betri juani zipate nguvu, na jioni alisogeza mshale hadi mahali pasipo na stesheni. Hakutaka habari. Alitaka mikwaruzo: kra, kra-kra. Alisema kila mkwaruzo ni radi, na hapo hakukosea.

Tulikuwa tumebakiwa na kibuyu kimoja cha kunde za mbegu. Mama alitaka kumpikia kitinda mimba wetu, aliyekuwa ameanza kuvimba miguu kwa njaa.

"Hapana, tupande zote kesho," baba akasema. "Hiyo mvua iko tu hapo nyuma ya kilima. Sikia vile inalia."

"Mtoto hawezi ngoja."

"Atakula majani ya kunde mpaka akatae."

Tukapanda kwenye vumbi, maana kwetu ni desturi kuitangulia mvua. Redio ilikwaruza jioni baada ya jioni, mpaka betri zikafa kabisa. Kanga wa porini wakafukua mbegu. Msimu haukuisha kabla hatujamzika mtoto. Mama hakumlaumu baba hata mara moja.

Nilipokuwa mtu mzima nilisomea ufundi wa mitambo ya redio Nairobi. Mwalimu alitueleza kwamba radi hutoa mawimbi ya masafa ya chini sana. Wimbi moja tu laweza kuwa refu kama kutoka kwetu hadi Makindu. Hukimbia kati ya ardhi na tabaka la hewa yenye umeme huko juu, kama maji ndani ya mfereji. Vilima haviyazuii, dunia ikipinda nayo yanapinda, na hayachoki upesi. Redio ya baba haikuundwa kuyanasa hayo ya chini kabisa, ila radi hurusha kelele kwenye masafa mengi, na jioni nyingine hudunda kule juu na kuangukia mbali. Radi ya Kongo yaweza kusikika Ukambani. Niliumia sana, nikatoka nje somo likiendelea.

Nilipofika nyumbani nilimweleza baba, nikidhani namtua mzigo. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hivyo radi ilikuwa ya ukweli?"

"Ya ukweli, baba. Ila ilikuwa mbali."

"Basi enda uambie mama yako. Mimi nikimwambia ataona najitetea."

Mama alikuwa jikoni. Nikarudia yote: radi, mawimbi, Kongo. Aliuliza jambo moja tu.

"Na hiyo mvua ilikuwa inakuja huku?"

"Hapana, mwaitu. Haikuwa inakuja."

Akageukia moto, akasukuma kuni ndani.

"Basi ningempikia," akasema.