Mbeleko Chini ya Machela

Wiki iliyopita mkanda wa mkoba wa binti yangu ulianza kufumuka. Nailoni ukiikata bila kuichoma, itakukimbia uzi kwa uzi mpaka ubaki na hewa mkononi. Nikawasha mshumaa jikoni, nikausogeza mkanda karibu na moto, na ile harufu ikanipanda puani, kali, tamu kidogo, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Papo hapo nikawa na miaka kumi, nimekaa sakafuni kwetu Ixelles, huko Ubelgiji, nimenuna.

Kununa ndiyo ilikuwa kazi yangu majira yale ya baridi, na niliifanya kwa bidii.

Tulikaa ghorofa ya tatu, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Chaussée d'Ixelles, mimi na mama tu. Baba alikuwa na maisha yake Liège, na hayo tuyaache. Mchana mama alimtunza bibi mmoja wa Kibelgiji kule Woluwe, jioni aliwashonea wanawake wa Matonge, mtaa wa Waafrika, waliotaka kung'ara harusini. Cherehani lilikaa chini ya dirisha, na mimi nilikaa chini ya cherehani. Hapo palikuwa pangu. Nilichezea vipande vya vitenge, nikisikiliza mguu wa mama ukikanyaga na redio ikiongea Kifaransa peke yake, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kunihamisha.

Kisha akaja Zaina.

Zaina alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa mama. Mamake alifariki alipomzaa, akalelewa na bibi yake mzaa baba huko Bujumbura, na bibi alipozeeka na mji ulipoharibika, ikaamuliwa aje kwetu. Alikuwa amenizidi miaka mitatu lakini mwembamba, mwili wake na wangu sawasawa. Alifika na begi moja na adabu nyingi mno. Aliosha vyombo bila kutumwa. Alimwita mama "mama mdogo" kwa sauti laini kama anaomba maji. Alikula kile kipande cha kuku nilichozoea kuachiwa mimi, tena hakukiomba, alipewa! Nilimchukia kwa usafi wa moyo ambao watoto peke yao wanao.

Mimi nilikuwa na wivu, ndugu zangu, na sitaki kuupaka sukari. Ulikuwa unanikaa hapa kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Basi Zaina akaingia katika kikundi cha vijana wa mtaani. Mimi nilikataliwa kwa sababu ya umri. Ikatangazwa kwamba likizo ya baridi watakwenda msitu wa Ardennes, na hawatalala kwenye mahema. Watalala kwenye hamac, vile vitambaa vya kulalia vinavyoning'inizwa kati ya miti miwili. Kikundi kingewaazima hamac. Kila mtoto ajitengenezee nyumbani blanketi la kuning'inia chini yake, kuzuia baridi isimpande mgongoni. Kiongozi wao alikuwa ameeleza yote hayo kwa mikono, na Zaina akatueleza kwa mikono hivyo hivyo, akichora upepo hewani.

Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Hamac? Ile si machela? Kwetu machela ni ya mugonjwa. Wewe uko mugonjwa?"

"Hapana, mama mdogo."

"Na blanketi inakuwa chini? Chini ya kitanda?"

"Ndiyo, mama mdogo. Donc baridi inatokea chini."

Maman Ngoy, jirani yetu wa Lubumbashi aliyekuwa amekuja kupimiwa blauzi, alicheka mpaka pini zikamdondoka. "Eh, maman! Bulangeti chini ya kitanda? Ni ya panya, ama?"

Nilicheka kuliko wote. Nilijua mama angekataa. Hakukataa. Alimtazama Zaina, akamtazama tena, kisha akasema, "Bon. Tutashona."

Sikumwelewa mama aliyekuwa akinifunga skafu mbili kwenda dukani, leo anamruhusu mtoto akalale barafuni mtini. Niliamua kwamba anampenda yule kuliko mimi, na kuanzia hapo kila kitu nilichokiona kilithibitisha.

Bibi wa Woluwe alitoa blanketi kuukuu la manyoya ya bata lililopasuka. Mama akalifumulia bafuni, dirisha na mlango vimefungwa, maana manyoya yale hayana adabu. Ukivuta pumzi tu yanapaa. Aliingia na Zaina. Mimi niliambiwa nibaki nje kwa sababu ya mafua. Nikabandika sikio mlangoni. Nilisikia mama akinong'ona kwa muda mrefu, kisha Zaina akijibu neno moja nisilolisikia. Walipotoka walikuwa weupe kama waliomwagiwa unga, na macho ya wote wawili mekundu. "Manyoya," mama akasema, akipangusa uso. Kwa siku kadhaa tulitoa manyoya kwenye wali na kwenye kanzu ya mama ya kuswalia. Lakini kilichonibakia mimi ni ule mnong'ono. Walikuwa na siri, na mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango.

Lakini nilipewa kazi, tena kazi ya kuniua kabisa. Zaina alikuwa shuleni mpaka jioni, na kwa kuwa miili yetu ililingana, mimi ndiye niliyelazwa mezani kupimwa. "Sauda, kuja. Lala. Usicheze-cheze." Mama alinipitishia utepe mabegani, nyongani, magotini. Mikono yake ilinukia chaki na vitunguu. Kwa dakika zile nilikuwa wake tena, halafu nakumbuka vipimo ni vya nani, na tonge linapanda.

Mara ya kwanza mama alishona anavyojua. Alikata makoti mawili ya mvua ya nailoni, akachoma pindo kwa mshumaa, akapiga mishono kupita juu mpaka chini kupata mifuko mirefu ya manyoya, akaivuta ikakaza kama godoro la nyumbani. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayeweka blanketi chini ya kitanda, alilitandika ndani ya machela ambayo Zaina alikuwa ameshaazimwa na kikundi. Tukaifunga uani, kati ya nguzo ya kamba ya nguo na mti wa cherry wa jirani. Baridi ilikuwa ile inayokausha nguo zikasimama zenyewe. Nikapandishwa.

Nilistahimili kiasi tu. "Mama! Matako yangu!"

"Yamefanya nini?"

"Siyasikii!"

Mama akapitisha mkono chini yangu. Manyoya yalikuwa yamelaliwa, yamekuwa bapa kama chapati, na pale kwenye mishono baridi ilipita moja kwa moja. Akaupitisha mkono tena, safari hii nje ya machela, akausogeza mpaka ukagusa mgongo wangu bila kuukandamiza, akausimamisha hapo. Joto lake lilinifikia kupitia kitambaa.

"Ah," akasema. "Kumbe ni kubeba."

Akaanza kucheka peke yake, pale uani, mvuke ukimtoka kinywani. Mtoto ukimfunga mgongoni, alinieleza, unakaza juu, unakaza chini ya makalio, lakini katikati unaacha, apumue. Ukibana katikati analia. Ukiacha juu, upepo unaingia. "Hii machela ni mugongo, wewe uko mutoto, na blanketi ni mbeleko. Alors, mbeleko inakaaga ndani? Inakaa nje!"

Akalifumua lote. Akaweka kuta ndogo za kitambaa ndani, badala ya mishono inayopenya, ili manyoya yasimame. Akaacha tumbo la blanketi likiwa pana, akapitisha kamba kwenye pindo zote, kama suruali ya kamba, ya kukazia pembeni. Lakini nailoni haikutosha upande wa juu, ule unaoelekea mgongoni. Akaenda chumbani, nikasikia sanduku likivutwa kutoka uvunguni, akarudi na kitenge cha buluu chenye ndege wa njano.

Nilikijua kile kitenge. Ndicho nilichobebewa. Kipo kwenye picha yetu ya pekee ya Buyenzi, mtaa wetu wa zamani Bujumbura: mama amesimama mlangoni, kichwa changu kimetokeza begani, na ndege wa njano wamenizunguka. Nilikuwa nikikitoa sandukuni nakinusa. Hakikunukia kitu zaidi ya karafuu na sanduku, lakini nilikuwa nikikinusa.

Mama alikitandaza mezani akachukua mkasi.

"Ni yangu!" nikapiga kelele. "Hiyo mbeleko ni yangu! Mwambie akatafute yake!"

Zaina alikuwa amesharudi, amesimama kando ya meza na kikopo cha pini. Hakusema kitu. Mama hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alisema tu, bila kuinua macho, "Sauda, wewe nilishakubeba." Mkasi ukaingia. Sauti ile ya kitenge kikikatwa, ile krrr ndefu, naisikia mpaka leo.

Nilichoelewa ni hiki: kwamba zamu yangu imekwisha. Kwamba mgongo wa mama ulikuwa na nafasi moja, na imechukuliwa. Nililia chini ya cherehani mpaka nikapata kwikwi.

Blanketi lilipokamilika tulirudi uani, tukalining'iniza chini ya machela. Zaina ndiye aliyepaswa kupanda. Akashika ukingo wa machela, akanigeukia, akasema, "Njoo ulale wewe kwanza."

Nilitaka kukataa. Nilipanda kwa hasira zote. Na jamani, nilivyolala pale, joto likaja taratibu kutoka chini, likanishika mgongo wote, mabegani mpaka magotini, kama mtu amenipokea. Nilifumba macho. Nilichukia jinsi lilivyokuwa zuri. Sikumshukuru.

Zaina alikwenda Ardennes, theluji ikawakuta, na alirudi mashavu yamepasuka, anacheka. Wenzake wengine walipelekwa kulala nyumba ya karibu kwa ajili ya baridi, yeye alilala mpaka asubuhi. Mama alimsikiliza huku ameshika mdomo, na nikanuna mpaka majani yakarudi mitini.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikajifungua binti yangu huyu mwenye mkoba. Mama akaja kuniuguza, na siku moja, anamenya ndizi, nikamwambia nusu utani nusu kisirani kwamba ningekuwa na mbeleko yangu ningembebea mwanangu.

"Mbeleko gani?"

"Ile uliyomkatia Zaina."

Mama akaweka kisu chini. "Ile haikukuwa yako, Sauda. Dada yangu alinunua akiwa na mimba ya Zaina. Alikuwa anaikunja, anaifungua, anatuonyesha ndege. Akafariki hajamufunga mutoto hata mara moja. Bibi akabeba mutoto, kitenge kikabaki kwangu. Wewe ukazaliwa, nikakuazimia."

Maziwa yalikuwa yakinivuja na mtoto analia. "Zaina alijua?"

"Sasa ningekata bila kumuomba ruhusa? Nilimwambia mule bafuni, na manyoya: nailoni ikipunguka, tukate hii? Akasema kata."

Kumbe lile neno moja nisilolisikia mlangoni lilikuwa "kata."

Nikamwona tena kando ya meza, na kikopo chake cha pini, na mimi nikipayuka ni yangu, ni yangu. Angetamka sentensi moja tu ningenyamaza maisha yangu yote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na haki yote mkononi, akanipandisha mimi kwanza kwenye mbeleko ya mamake.

Nimemwonea Zaina wivu wa kuku, wa msitu, wa mnong'ono. Huo wote ulishaniisha. Lakini kunyamaza kule, wallahi, bado namwonea.