Siku Zetu na Siku Zake

Mama yangu na mwenzake walifanyia kazi mahali pamoja kwa miaka saba, na katika miaka hiyo sidhani walionana pale hata mara kumi. Mahali penyewe palikuwa katika uchochoro mmoja katikati ya jiji la Nairobi, nyuma ya duka la vyuma, ambapo maji machafu yalitoka mtaroni kutusalimia kila mvua iliponyesha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mama alitembea kutoka Kibera, upande wa Olympic, akauza chai, viazi vitamu na nduma. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikuja mwenzake kutoka mtaa wa Kongo, kule Kawangware, akauza vitu vilevile kwa wateja walewale. Siku ambayo haikuwa yako, ulikwenda kufulia watu nguo.

Vyombo vilikuwa vyao wote wawili: jiko la makaa, birika, fomu ya kukalia na sufuria kubwa iliyobakiwa na mkono mmoja. Jioni waliviacha kwa bawabu wa duka. Sufuria ile haikuachwa tupu hata siku moja, maana kwao wote, mmoja wa Magharibi na mwingine wa ziwani, chombo cha mwenzako hakirudi hivihivi. Mama aliacha mboga ya mrenda iliyokwisha kuchambuliwa, au ndizi mbili tatu. Mwenzake aliacha omena, dagaa wa kwao ziwani, iliyofungwa kwa gazeti. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena na karatasi ya gazeti, naamini ni Jumatano, hata ikiwa Jumapili na niko njiani kwenda kanisani.

Walikutana siku mama alipofukuzwa na askari wa jiji, kanjo, kutoka barabara kubwa. Aliingia uchochoroni mbio, beseni kichwani, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Yule mama wa Kongo alijisogeza kwenye fomu akamwambia akae. Hakumuuliza kabila wala kanisa. Walipomaliza kukicheka kile kiatu walikuwa wamekwisha kugawana siku za wiki. Baadaye mwenzake alipenda kumtania mama kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, naye kwa kukosa jembe alimpa sufuria.

Katikati ya miaka ya tisini tukasikia kwamba uchochoro wetu utafufuliwa. Wenye maduka na watu wa jiji walikuwa wameelewana. Wenye maduka watatoa mawe ya kabro ya kutandika chini, taa na rangi, na jiji litazibua mitaro, litazoa taka na kutoa nafasi ya vibanda. Mzee mmoja mwenye tai alipanda juu ya kreti ya soda, akatueleza kwamba jiji peke yake haliwezi, na wenye mali peke yao hawawezi, kwa hiyo wameoana. Bawabu akauliza mahari imelipwa na nani. Tulicheka sana, lakini tulikuwa tumetega masikio, kwa sababu mzee alisema pia kwamba kila mahali penye muuza chakula patapewa kibanda kimoja, chenye mlango, kufuli na bomba la maji karibu. Mwenye kibanda atapewa kadi yenye picha yake. Akikutwa mtu mwingine ndani, kibanda kitachukuliwa.

Nilikitaka kibanda kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikichora nyuma ya daftari la hesabu, nikakipaka kijani, nikaweka pazia. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kuvimba, na kanjo hawakuwa na habari na magoti ya mtu. Nilitaka awe na mlango wa kufunga, akae ndani kama watu.

Karani wa kamati ya kugawa vibanda alikuja Jumatano, wakati wa likizo, nami nilikuwepo nikiosha vikombe. Alikuwa kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mathe, hii pahali ni ya nani?"

Mama alijifuta mikono kwenye leso. "Ni ya mwenzangu," akasema. "Mimi nilikaribishwa tu." Kisha akataja jina la mwenzake, na karani akaandika.

Nilimfinya mama pajani, akaujua mfinyo ule na akaupuuza. Usiku huo aliniambia kwamba mtu akikukaribisha nyumbani kwake, husimami mlangoni ukatangaza nyumba ni yako. Nilimuuliza yeye atakwenda wapi. Akasema nile, chakula kinapoa.

Kumbe Alhamisi karani alirudi kuhakikisha, akamkuta mwenzake. Alipoambiwa ameandikwa yeye, yule mama alikataa katakata. Mwaka mmoja alikuwa amekwenda kwao ziwani kumzika mumewe, akakaa miezi minne. Mahali pale pangeweza kunyakuliwa na yeyote, lakini mama alikwenda kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, ili watu waone pana mtu. Mwenzake akamwambia karani kwamba pake palishakufa, na aliyepafufua ndiye mwenyewe. Jina la mama likaandikwa chini ya lake.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa duka la vyuma. Mbele ya nambari yetu palikuwa na majina mawili, yote yamekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni neno moja: MGOGORO. Mama alisoma polepole kwa kidole.

"Mgogoro na nani?" akaniuliza.

Wakaenda wote wawili ofisini kwa kamati, chumba cha juu ya duka la vitambaa, nami nikawafuata. Karani hakuwafukuza. Alifungua faili, akaeleza kwamba jambo ni jepesi. Mmoja aseme hapa ni pangu, mwingine anyamaze, yeye aandike, basi.

Walitazamana. Nilisikia mashine za kushonea za kule chini.

"Sema wewe," mama akasema.

"Aa, sema wewe. Wewe uko na watoto shule."

"Kwani wako wako wapi?"

Nilimnong'oneza mama, nikiwa karibu kulia, "Sema ni pako. Neno moja tu, mama." Akanikanyaga mguu.

Karani alisubiri kwa uvumilivu mkubwa kuliko nilivyotarajia. Mwishowe akasema kwamba mahali pengine watu wamerushiana ngumi, kila mmoja akisema ni pake, na hao anajua namna ya kuwaamua. Hawa wawili hakuwa na pa kuwaandika. Akafunga faili.

Nilikasirika muhula mzima. Nilimwambia mama kwamba adabu yake haina kufuli wala bomba. Hakunipiga. Alisema tu nikamsaidie kubeba fomu.

Uchochoroni hapakuwa tena na nafasi ya asiye na kadi, kwa hiyo tulibeba vyombo mpaka Kongo, tukaviweka mbele ya mlango wa mwenzake, kwenye tope. Hapo ndipo walipokaa kwenye fomu moja kutwa nzima kwa mara ya kwanza. Kumbe hawakujuana. Waligombana kuhusu majani ya chai, mmoja akitaka mengi, mwingine akisema ni ufujaji. Mama aligundua kwamba mwenzake anaimba vibaya tangu asubuhi hadi jioni. Nilipotoka shule nilikata Ngong Road kwenda kwao, na kabla sijafika niliwasikia wakicheka. Sikusema wakati ule, lakini zile jioni za Kongo ndizo ninazozikumbuka kwa hamu kuliko zote.

Walipata miaka mitatu. Kisha mwenzake akaugua, hakupona, na tukamsindikiza kwa basi mpaka kwao ziwani. Mama hakuirudisha sufuria kazini tena.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi mjini, nikamwita mama siku moja aje auone uchochoro. Nilidhani atanung'unika. Hakunung'unika. Palikuwa pasafi, kabro zimepangika, maua kwenye madebe, na vibanda vya kijani vilevile nilivyovichora. Akasema kwa moyo mweupe kwamba pamependeza. Mahali petu, kwa kuwa hapakuwa na mwenyewe, waliweka benchi la kupumzikia. Mama akakaa, akanyoosha magoti, akamtafuta yule bawabu kwa macho.

"Leo siku gani?" akaniuliza.

Nikamwambia Alhamisi.

Akashika mkoba wake, akainuka.

"Twende," akasema. "Leo ni yake."