Jumamosi Wacera Alipozima Nyimbo za Geti

Rafiki yangu Wacera ana saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Chaka, mlango wa pili kutoka saluni yangu. Wanaopita barabara ya Nanyuki humwona nyuma ya kioo akiwachapia watu barua za kazi, nao hudhani ameridhika na hayo. Hawajui kwamba akili yake yote iko kwenye tovuti.

Tovuti yenyewe ni ya nyimbo za ruracio, zile ambazo upande wa bwana harusi huimba wanapopeleka mahari. Huku kwetu hufiki kwa wakwe ukabisha hodi na kuingia. Utakuta geti limefungwa na wanawake wa boma wamesimama ndani wakikungoja. Wa nje huimba, wa ndani hujibu kwa wimbo, mnaulizwa mmetoka wapi na mnatafuta nini, na mkiimba ovyo mtabaki hapo na kreti zenu za soda huku jua likiwachoma utosi. Zamani kila mwanamke alizijua nyimbo hizi. Sisi tuliosomea shule za bweni tunajua mstari wa kwanza tu, na baada ya hapo tunapiga makofi kwa bidii ili tusigundulike.

Ndipo Wacera alipoingia. Alizunguka na simu yake, leo Mukurweini, kesho Kangari huko kwenye majani chai, akiwarekodi wanawake na kuandika maneno yao neno kwa neno. Mtu wa kwanza kumrekodi alikuwa mama yake mwenyewe, Ngendo, ambaye sisi humwita Mama Gatimu kwa jina la kifungua mimba wake. Mama Gatimu ndiye huongoza nyimbo za upande wetu. Akiitwa kwenye ruracio, wenyeji huanza kujipanga mapema, kwa maana wanajua leo kuna kazi. Kwa muda mfupi tovuti ikajulikana kote. Jumamosi yoyote, kwenye geti lolote, utaona wanawake wa safu ya pili wameficha simu nyuma ya migongo ya safu ya kwanza, wanasoma kama watu wa kwaya.

Basi ukaja muswada. Ulisemekana ni wa kuzuia wizi wa kazi za watu mtandaoni, na mimi sina ugomvi na hilo. Mwimbaji naye anakula, na anayemwibia ni mwizi kama wezi wengine. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja cha ajabu: mtu yeyote akilalamika kwamba kilichoko kwenye tovuti yako ni mali yake, tovuti inafungwa papo hapo, na baadaye ndipo unaitwa ujieleze. Kumbe kulikuwa na studio moja ya Nairobi iliyokuwa imeshamwandikia Wacera. Walikuwa wamerekodi wimbo mmoja wa geti kwa gitaa na kinanda, sasa wanadai ni wao. Wimbo ambao nyanya yake Wacera aliolewa nao! Chini ya sheria iliyopo aliwajibu na wakanyamaza. Muswada ukipita, hata kujibu hatajibu. Ataamka siku moja akute hana tovuti.

Wenye tovuti nchini walianza kupiga kelele, na wakakubaliana kuzima zote kwa siku moja, Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka jua litue, ili watu waonje giza lenyewe. Jumanne iliyofuata kamati ya bunge ingekuja Nyeri mjini kusikiliza maoni ya wananchi. Wacera alirukia mpango huo kwa miguu miwili. Wiki nzima hakukaa kwenye kiti. Alikuwa akija saluni katikati ya kazi, mimi nina kichwa cha mtu mikononi, anisomee yule wa Kisumu amesema nini na yule wa Karatina mwenye picha za magonjwa ya viazi amejiunga. Hata mimi nilianza kusisimka, na mimi mambo ya bunge hunipa usingizi.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. "Wacera, Jumamosi si ndiyo ruracio ya Gatimu?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Na utazima?"

"Shiku, tunaenda na Mama. Hizo nyimbo nusu ni mimi niliandika kutoka kwa mdomo yake. Mama anahitaji simu ya nini?"

Nikaona ana haki. Nani angeona vingine?

Jumamosi tukateremka Mukurweini, tumevaa leso za rangi moja, vyondo, vile vikapu vyetu vya kusukwa, vimejaa unga na sukari. Gatimu na wazee wakabaki nyuma ya magari, kwa maana geti ni shughuli ya wanawake. Mama Gatimu akasimama mbele. Nyuma ya bega lake alimweka Khavere, mwalimu kutoka Vihiga anayefundisha hapa Chaka, ambaye kwa kweli hakuelewa neno hata moja la nyimbo zetu. Nilishangaa kidogo. Nikadhani ni heshima kwa mgeni.

Wimbo wa kwanza Mama Gatimu aliupasua. Wa ndani walijibu vizuri vilevile, wakiongozwa na Cucu Wamaitha, nyanya yake bibi harusi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kisha Cucu akataka tuimbe ule wa zamani, wa kueleza safari kijito kwa kijito. Huo ni mrefu, tena haurukwi hata mstari. Mama Gatimu akavuta pumzi, akageuza shingo kidogo kama anayepangusa bega. Nami nikaona. Khavere alikuwa amemwinulia simu begani, na simu ilikuwa nyeusi tititi, na mistari michache tu ya maandishi meupe.

"Mama, hapa hakuna wimbo," Khavere akanong'ona, lakini mnong'ono wa mwalimu husikika mpaka dawati la mwisho. Akasoma: "Tovuti hii imezimwa leo. Kuna muswada bungeni ambao utaizima siku zote. Jumanne kamati inasikiliza wananchi Nyeri mjini. Njoo useme."

Nikamtazama Wacera. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameelewa papo hapo nilichoelewa mimi, kwamba mama yake, bingwa wa geti, alikuwa akisoma kwa simu kama sisi wengine wote.

"Koo imenikauka," Mama Gatimu akasema kwa sauti, ili wa ndani wasikie. Kisha akamgeukia binti yake, akashusha sauti. "Wacera, fungua hiyo kitu."

"Mama, nimeahidi wenzangu mpaka jioni."

"Mimi ni mama yako. Wenzako ni kina nani?"

"Nikiifungua leo, wenye muswada watatuambia hata sisi wenyewe hatukuweza siku moja."

"Kwa hivyo utanifungia geti ya kijana yangu?"

Nilitamani ardhi inimeze, na hata si mimi nilikuwa nikigombezwa. Wacera alikuwa ameshika simu yake mkononi. Ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Macho yalimjaa machozi, lakini hakubonyeza. Nilimpenda sana wakati huo, na nilitamani kumpiga kofi pia.

Ndani kukasikika kicheko. "Watu wa Chaka," Cucu Wamaitha akaita, "mmekuja na sauti ama mmekuja na simu?"

Sasa Wacera huyu ni mpole, lakini ukimbana ukutani hutoka na pembe. Alivuta kreti ya soda, akapanda juu yake, akachungulia juu ya geti, akaanza kuwaeleza wakwe wa kaka yake habari za muswada. Mimi nilimshika sketi asianguke. Aliwaambia habari ya studio, na ya kufungwa kwanza na kuulizwa baadaye. "Cucu, hii wimbo umetuambia tuimbe," akamalizia, "kuna mtu Nairobi anasema ni yake. Akisema tu hivyo, inatolewa. Hakuna mtu atakuuliza."

Nikajua tumekwisha, tutarudi na unga wetu.

"Ati ni yake?" Cucu Wamaitha akasema taratibu. "Alizaliwa lini?"

Cucu akawageukia wajukuu zake waliopanga mstari nyuma yake. "Haya, nyinyi. Waonyesheni vile huimbwa."

Msichana mmoja akakohoa. Mwingine akatazama viatu. Kisha wa tatu, aliyekuwa na adabu kuliko akili, akasema, "Cucu, hata yetu ni nyeusi."

Tulicheka mpaka geti likatikisika. Wa nje tulicheka, wa ndani wakacheka, wazee nyuma ya magari wakacheka bila kujua sababu. Pande mbili zilikuwa zimejiandaa kushindana kwa tovuti moja! Cucu peke yake hakucheka mara moja. Aliwatazama wajukuu zake mmoja mmoja, kisha akapiga geti kwa fimbo.

"Sikilizeni bei ya geti ya leo," akasema. "Sitaki leso, sitaki sukari. Kila mwanamke anataka kuingia hapa, aseme mbele yetu kwamba Jumanne atakuwa Nyeri. Na wangu wa ndani watasema pia, ama hawatakula."

Sijawahi kuona bei ya geti ikilipwa kwa furaha namna ile. Tulipanga mstari, kila mmoja akataja jina lake na kuahidi kwa sauti. Halafu, kwa kuwa hakuna anayeingia kwa wakwe kimyakimya, tukaimba tulichokuwa nacho. Mstari huu nilikuwa nao mimi, ule alikuwa nao Cucu, pengo tulilijaza kwa maneno yetu, na kijito cha mwisho kwenye safari tulikiita kijito cha intaneti iliyokauka. Mama Gatimu aliimba pia, lakini hakumtazama Wacera. Siku nzima hakumtazama. Chakula walikula meza tofauti.

Mtu fulani alikuwa amerekodi mambo yote ya geti. Usiku haujaingia, video ilikuwa imeenea eneo zima la Mlima Kenya. Kumbe huko Kangari nako geti lilikuwa limekwama vivyo hivyo, na wanawake wa huko wakaiga bei yetu.

Jumanne nilifunga saluni. Ukumbi wa Nyeri, ambao kwenye mikutano kama hii huwa na maofisa, walinzi na watu waliofuata chai, ulijaa leso mpaka dirishani. Mwenyekiti wa kamati alipoingia alisimama mlangoni, akamuuliza karani kama hii siyo harusi.

Wakili wa wenye studio alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema jasho la msanii lilindwe. Tukampigia makofi, kwa kuwa ni kweli. Kisha Wacera akasimama na karatasi yake, na hapo mambo yakaanza kuharibika. Alisoma upesi, sauti ikamkatika. Mwenyekiti akamuuliza kama anaweza kuthibitisha kwamba kuna mtu anayeitegemea hiyo tovuti, maana nyimbo za jadi, alivyofahamu yeye, ziko vichwani mwa akina mama, na tovuti ikifungwa hakuna kitakachopotea.

Watu waliguna. Jibu Wacera alikuwa nalo, sote tuliosimama pale getini tulikuwa nalo. Lakini hangeweza kulitoa bila kumvua mama yake nguo mbele ya kaunti nzima, na waandishi wa habari walikuwa wamekaa pale na kamera.

"Sina uthibitisho," Wacera akasema, akaanza kukunja karatasi yake.

Ndipo niliposikia kiti kikisukumwa. Mama Gatimu alitembea mpaka mbele, akachukua maikrofoni bila kupewa.

"Naitwa Ngendo," akasema. "Mimi ndiye naongoza nyimbo kutoka Chaka mpaka Mukurweini. Hawa wote wananijua." Leso zikaitikia. "Hizo nyimbo zilikuwa kwa kichwa yangu, ndiyo. Nikampa msichana wangu akaandika. Halafu miaka ikaenda, na kichwa ikaanza kuziacha, moja moja. Sikuambia mtu. Nilikuwa nasoma kwa simu nikijificha, juu niliona aibu." Akamtazama mwenyekiti. "Mwenyekiti, umesema ziko kwa vichwa zetu. Kwa yangu haziko. Ziko kwa huyu. Mkimfungia, mmenifunga mdomo, na mimi sijakufa."

Wacera alikuwa amesimama palepale, machozi yanamtiririka, hayapangusi. Mama yake akamgeukia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu Jumamosi. "Sasa soma vizuri," akamwambia. "Anza mwanzo."

Akasoma kutoka mwanzo, na safari hii alisikika hadi nje kwa walinzi.

Muswada uliporudi bungeni kile kifungu kilikuwa kimeandikwa upya: hakuna tovuti itakayofungwa kabla mwenyewe hajasikilizwa. Siku hiyo tulipiga kelele kwenye saiba mpaka mtu wa duka la mbegu akaja kuuliza nani amekufa. Nilimrukia Wacera na chanuo mkononi, nikakaribia kumtoboa jicho.

Jumamosi iliyofuata tulialikwa ruracio nyingine, huku huku Kieni, karibu na Chaka. Geti likafungwa, wenyeji wakaanza kututania, na Khavere akajiweka mahali pake pa siku ile ya Mukurweini, nyuma ya bega la Mama Gatimu. Mama Gatimu akamwambia asogee kando. Akatoa simu kwenye kiondo, akavaa miwani, akaishika wazi mbele ya uso wake, na wenyeji wote wakimtazama, akaanza kuimba.