Upande wa Dada

Chwaaa! Sauti ya nyama ikiangukia kwenye mafuta ya moto naisikia hadi leo. Nikitoka kazini jioni nikakaanga nyama yangu ya haraka, harufu ya kitunguu hunirudisha kwenye jiko letu la mkaa, kule Bombambili.

Ilikuwa Jumatano. Kwetu nyama ilikuwa ya Jumapili baada ya misa, tena ya kuchemshwa taratibu. Jioni hiyo mama alirudi kutoka kuuza mitumba sokoni akiwa na nusu kilo, akaikata vipande vidogo vidogo ili iive upesi.

"Mama, kwani leo sikukuu?" niliuliza huku nacheka.

"Dada yako anasafiri kesho alfajiri. Anakwenda kukaa na shangazi, akajifunze kushona."

Kicheko kikaniishia mdomoni. Dada akanikonyeza.

"Usinune bwana, kikaango nakiwahi mimi!"

Kukomba kikaango ndiyo ilikuwa vita yetu kila siku. Aliyekiwahi alipangusa rojo lote kwa tonge la mwisho, mwenzake akabaki kulamba vidole. Jioni ile sikukikimbilia. Dada akachora mstari katikati ya rojo kwa kidole.

"Huku kwako, huku kwangu. Umeridhika, mlafi wewe?"

Kesho yake mama alikaanga mchicha. Tulipomaliza kula nikakichukua kikaango, hakuna aliyenikimbiza. Nikachora mstari katikati, nikakomba upande wangu, na upande wa dada nikaufunika kwa sahani.