Pete ya Moto Kwenye Kitako cha Gilasi

Jana nilipita nyuma ya hoteli moja Diani, kwenye mapipa ya chupa, nikapokewa na harufu ya mvinyo uliochacha. Hasira zikanipanda upya.

Tulipokuwa wadogo, kaka yangu alikuwa amefundishwa shuleni habari za shimo jeusi: nyota kubwa iliyokufa ikajikunja, uzito wake ukawa wa kutisha, hata mwanga ukipita karibu nayo hupinda. Sikumwamini. Basi akaenda kwenye mapipa hayo hayo, akaokota kitako cha gilasi ya mvinyo iliyovunjika, akakiosha vizuri, akawasha koroboi jikoni.

"Funga jicho moja. Moto uwe nyuma ya kitako, katikati kabisa."

Nikaangalia. Ule ulimi wa moto ulikuwa umepindwa pande zote, umekuwa pete nyembamba inayotetemeka.

"Nyota iliyo nyuma ya shimo jeusi huonekana hivyo hivyo," akaniambia.

Baba akaingia, ametoka kazini. Kile kitako akakitambua papo hapo.

"Staghafirullah! Chombo cha pombe nyumbani kwangu?"

"Baba, hebu angalia kwanza, moto umekuwa pete!"

Hakutupa hata jicho. Alikitumbukiza chooni, kisha akampiga kaka mpaka mama akalia.

Na kazi ya baba ilikuwa kuosha gilasi katika hoteli ile ile. Shati lake lilinuka mvinyo kila jioni. Hilo hakulitumbukiza chooni.