Z ya Zanzibar

Siku yangu ya kwanza kazini posta, hapa Songea, postamasta aliniuliza nimefika darasa la ngapi. Nikasema la sita. Akaniangalia miguu. "Basi utaendesha baiskeli."

Nilipanda cheo, lakini si kwa akili. Vita ya Kagera ilipoanza, karani wetu akaitwa jeshini, nikakalishwa mimi kwenye simu. Karani wa Dar anakusomea telegramu ya mtu, unaandika, halafu unakariri, yaani unamsomea tena yeye, na neno gumu unalitaja herufi kwa herufi: K ya Kigoma, L ya Lindi. Ukimaliza unapanda baiskeli, unapeleka mwenyewe.

Siku zile nikipita mtaa wa Lizaboni, akina mama wenye watoto vitani waliacha kutwanga mpaka nipite. Mimi mwenyewe niliiogopa kengele yangu, nikaifunga kitambaa.

Siku moja laini inakwaruza kama paka juu ya bati. Nikasikia: "Josefu kalala Tabora. Mjomba." Kukariri niliona aibu, maana karani wa Dar alishanicheka lafudhi. Nikaandika vile vile. Na kwenye telegramu, mtu akilala, ndiyo keshakwenda.

Mama Josefu, mmoja wa wale akina mama wa Lizaboni, hakujua kusoma. Nikamsomea. Hakulia; alikaa chini palepale kwenye pumba.

Kurudi, postamasta ameshika nakala. "Ulikariri?"

"Ndiyo, mzee."

"Nakuuliza, ulikariri?"

"Hapana."

Akapiga Dar mwenyewe. "Z ya Zanzibar? Kalazwa?" Akakata simu. "Kijana yuko hospitali. Nenda kamfufue uliyemuua."

Nilikuta jamvi limeshatandikwa, majirani wamejaa. Gurudumu likanasa pembeni ya jamvi, nikaanguka na baiskeli yangu mbele ya wafiwa. "Shikamoo mama. Josefu mzima. Kalazwa tu. Masikio yangu ndiyo mabovu." Nikajikunja, nangoja kipigo.

Alicheka huku analia. "Mjinga wewe. Amka ule."

Wiki ya tatu ikaja telegramu nyingine: Josefu kafariki. Niliikariri mara tatu, jasho linadondokea karatasi. Mara ya nne karani wa Dar hakunicheka. "Ndugu yangu," akasema taratibu, "umesikia sawa."

Mama Josefu alinisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu. "Wewe mtoto na masikio yako hayo. Rudi posta, kaulize vizuri."

Sasa nimestaafu, meno yamebaki machache kuliko maneno ya telegramu. Wajukuu wakiniuliza kazi ya posta, nawaambia ya kuanguka na baiskeli, wanacheka mpaka wanalala chini. Naishia hapo. Siwaambii kwamba siku ile sikumbishia yule mama. Sikuwa na cha kwenda kuuliza, lakini nilikwenda. Na baiskeli sikuipanda; niliikokota njia nzima, kwenda na kurudi, ili akae na mwanawe kidogo zaidi.