Gauni la Mama na Mito ya Bugarama

Gauni la mama limenigharimu elfu thelathini na nane na mia tano. Nilihesabu mara mbili, na mara ya pili ikazidi kwa sababu nilisahau bodaboda ya Bugarama. Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha zipu.

Mama alivuka nalo kutoka Burundi akiwa binti mdogo. Bibi alilishona kwa mkono, kitambaa cha bluu, na kila walipohamia akaongeza kipande, maana mtoto alikua na pesa ya gauni jipya haikukua. Walipokaa Isaka, babu akiwa kuli wa mabehewa, pindo lilipata kiroba cha unga. Ukiligeuza bado unasoma kilo. Walipohamia Kahama likapata khanga. Mama aliponenepa akaendeleza mwenyewe: ubavuni akatia kaki ya ovaroli ambayo baba alivaa mgodini Buzwagi. Baba ni marehemu, na picha yake pekee ilinyeshewa. Bluu imebaki kifuani tu. Wajukuu wakimuuliza tulikotoka, mama hashiki ramani, hushusha kidole kwenye gauni.

Sasa mjukuu wake, mwanangu, anaoa, na mama anataka kulivaa. Akanikabidhi na onyo: "Zipu tu. Fundi asije akalionea huruma."

Fundi ni mama mmoja mwenye cherehani barazani pale sokoni Kahama. Tulisalimiana, nikamweleza habari ya harusi ili anionee haya kwenye bei. Akataka elfu nane. Nikamwambia zipu ya elfu nane hujifunga yenyewe. Akashuka sita, mimi nikakaa nne, nikajifanya naondoka.

"Haya dada, nne," akasema. "Ila vitakavyobaki ni vyangu."

Ndiyo desturi yao, mabaki ya vitambaa hujazia mito ya kulalia. Nikajiuliza, zipu itabakisha nini? Nikakubali upesi, nikaenda zangu nikijiona mjanja.

Niliporudi, lilikuwa limeonewa huruma. Viraka vyote vimetolewa, pamewekwa kitenge kipya, mshono safi kabisa.

"Bibi wa bwana harusi avae viraka, watu watasema nini?" akaniambia. "Kitenge sikudai. Ni zawadi yangu."

Mtu kama huyo unamgombezaje? Nikauliza vile viraka viko wapi. Alishavikatakata, vimo kwenye mito, na mito imechukuliwa na mchuuzi wa Bugarama.

Nikaifuata huko kwa bodaboda. Mchuuzi aliponiona nabonyeza mto mmoja mmoja kama daktari, akapandisha bei kutoka elfu tatu hadi nne na nusu. Mito mitano. Nililipa bila kubishana, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Nimeipasua yote uani. Kiroba nimekipata, kilo zake zikiwa nusu. Khanga ipo. Tatizo ni kaki. Nimepata ya ovaroli tatu, zote zimepauka, zote zina madoa ya grisi, maana huku kila nyumba ina mtu aliyewahi kufanya kazi mgodini. Nimezipanga, nimezinusa, nimezigeuza. Moja ni ya baba. Mbili ni za waume wa watu.

Mama ameshauliza mara mbili kama zipu imekwisha. Fundi yuko tayari kurudisha viraka kwenye gauni, bure, na anasema nichague yoyote, mama hatajua. Mimi nitajua. Na nikimweleza mama ukweli, nitalazimika kuanzia kwenye ile elfu mbili niliyoipunguza mwisho kwa kumwachia fundi mabaki. Wewe unayesoma, ungekuwa mimi, ungemkabidhi fundi kaki ipi, au ungempelekea mama zote tatu achague mwenyewe?